Ulimi wa Shule ya Mkadini

Kosa alilofanya Mwanakheri binti Faki siku ya akika ya mjukuu wa jirani yake lilikuwa kusema kwamba pilau ina chumvi nyingi.

Kwa mwanamke mwingine wa Chwaleni hilo lisingekuwa kosa hata kidogo. Wanawake wa mji huu hawajapata kuona pilau ya mwenzao wakaisamehe, na shughuli isiyo na mtu wa kulalamikia mapishi huhesabiwa imepooza. Lakini Mwanakheri alikuwa mwonjaji wa maji wa Shule ya Msingi Mkadini, na waonjaji hawaijui chumvi. Hawajui sukari, wala ndimu, wala pilipili. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Alikuwa amekaa mkekani na wenzake, sinia katikati, masikio yote yako kwenye habari za harusi iliyovunjika mtaa wa pili. Akatia tonge mdomoni bila kufikiri, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Riziki we, leo mkono umekuteleza. Chumvi imezidi."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Riziki, mpishi wa shughuli zote za mtaa ule na shoga yake Mwanakheri tangu wanacheza kombolela, alikuwa anapita na bakuli la kachumbari. Alimtazama, akaona uso wake, kisha akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mnamsikia huyu? Amekaa weee, leo kakumbuka utani. Mwonjaji kanikosoa chumvi! Haya, na kipofu aje anikosoe rangi ya mtandio."

Wanawake wakaangua kicheko na sinia likaendelea kuliwa. Mwanakheri peke yake hakucheka. Mdomoni mwake bizari nzima ilikuwa inapasuka chembe moja moja, nyuma yake ikaja karafuu, kisha mdalasini, na mafuta ya nyama yakamkaa kwenye kaakaa. Chumvi ilikuwa nyingi kweli. Akaona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyopata kutia kinywani, akavuta mtandio usoni ili wasimwone anavyolia.

*

Riziki alimburura mpaka jikoni uani, akafunga mlango kwa kisigino. Hakumuuliza kitu. Alichovya kijiko katika chungu cha ukwaju, akamtia mdomoni kama anayemnywesha mtoto dawa. Uso wa Mwanakheri ukakunjamana wote.

"Yarabi," Riziki akasema, akakaa juu ya gunia la mchele. "Umerudi."

Ili kujua kwa nini mwanamke mzima akae juu ya gunia kwa sababu ya ukwaju, ni lazima kuujua utando. Bahari ilipopanda, visima vya Chwaleni viliingia chumvi, na mabomba ya zamani yakaanza kunyonya uchafu wa ardhini. Mitambo ya kupima maji haikukosekana. Lakini hewa ya chumvi iliila, na ile iliyosalimika ilipeleka majibu yake kwa kampuni iliyoiuza, si kwa mzazi. Ndipo ukaja ule mwaka ambao watu wa hapa mpaka leo wanauita Mwaka wa Maradhi tu, kipindupindu kilipoingia kwenye bomba la shule, na madarasa yakafunguliwa tena yakiwa na madawati matupu.

Baada ya hapo mji ulisema hautaamini tena kitu kisichoweza kuumwa tumbo. Wataalamu wa Kituo cha Maji walikuwa wamekuza seli hai kutokana na mwani, ule ule unaolimwa na kina mama pwani, wakazifuma kuwa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando ule ukilazwa juu ya ulimi hushikamana nao na kuota. Unakamata vijidudu, mbolea, madini ya risasi na mafuta ya mashine, na habari ya kila kimoja unaipeleka kwenye neva kwa namna yake. Maji yaliyoingiliwa na choo yalimjia Mwanakheri kama sarafu iliyonyonywa. Yenye mbolea yalimjia kama majivu. Maji safi hayakusema kitu, yalikuwa kimya.

Na kwa kuwa utando umefunika ulimi wote, chakula nacho kilikuwa kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa bei yake, na wataalamu walisema ni ya maisha. Kila shule ya serikali ilihitaji mtu mmoja wa kujitolea. Asubuhi anakunywa kikombe mbele ya wanafunzi, akiridhika anaweka kidole gumba kwenye kibao cha bomba, na bomba linafunguka. Bila kidole hicho hakuna tone. Mkadini ilipouliza nani, Mwanakheri alisimama wa kwanza. Mwanawe, Haji, alikuwa ameponea chupuchupu mwaka ule kwa sababu majirani walimpokezana mgongoni mpaka hospitali, na yeye hakuwahi kuona njia nyingine ya kulipa wema wa mtaa mzima.

Mtaa nao haukumsahau. Futari ikipikwa, sahani ya kwanza ni yake. Idi, yeye. Maulidi, yeye. Na ikazaliwa adabu moja: mwonjaji haulizwi kama chakula ni kitamu. Kumuuliza ni kumkumbusha alichopoteza, na anayethubutu hukatwa jicho la kumtoa jasho. Unamwekea sahani, unanyamaza, naye anakula yote na kusema, "Mkono wako umebarikiwa."

"Tangu lini?" Riziki aliuliza sasa.

"Juzi chai ilikuwa na ladha ya hiliki. Nikasema ni kumbukumbu tu. Wewe hujui, mwenzangu, ulimi ulionyimwa unaota ndoto."

"Basi nyamaza."

"Riziki..."

"Nyamaza, nakwambia! Ukisema, watakupeleka Kituoni, wakulazie utando mwingine, urudi kula makapi mpaka siku ya kufukiwa. Kwani maji ya Mkadini yamewahi kuwa mabaya? Hata mara moja? Jipe siku chache. Kesho nakupikia mkate wa kumimina wenyewe, wa nazi mbili. Umewatumikia vya kutosha wana wa watu."

Mwanakheri alitamani kukataa papo hapo, na msimulizi wa haki angependa kusema alikataa. Lakini alisema, "Uwe na hiliki nyingi."

*

Jumapili nzima alikula. Alikula mkate wa kumimina ukingoni ulipoungua kidogo, akala embe mpaka akanyonya kokwa, akatafuna kipande cha tangawizi kibichi ili kiuchome ulimi. Alimpigia Haji aliko Dodoma, akamsomea alivyokula kama anayesoma dua. Haji, asiyejua maana yake, akamwambia, "Mama, leo una furaha." Na kweli alikuwa nayo, tele, na kila ilipozidi aliyaona mabomba ya Mkadini.

Maana hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Maji safi huwa kimya, na utando uliokufa nao huwa kimya. Alikuwa hajui tena anasikiliza kipi.

Jumatatu alifika shuleni mapema kama desturi. Wanafunzi walikuwa wamejipanga na vikombe vyao, wengine wakisukumana. Mwalimu mkuu, Mwalimu Shekue, kijana mrefu aliyekuwa na mazoea ya kuegemea kila ukuta anaoukuta, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, baba."

Akanywa. Yalikuwa maji mazuri ya baridi, yana chokaa kidogo ya tangi, yana kitu chembamba kama utamu. Kwa miaka yote ile hakupata kujua kwamba maji ya Mkadini yana ladha. Alisimama na kikombe mkononi, na kila alichokipenda duniani kilikuwa kimesimama mbele yake kwa mistari, kikimtazama kidole.

"Bibi, fungua," binti mmoja wa mbele akalia. "Tuna kiu."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu ya kibao. Alikuwa hana haja ya kusema uongo. Alitakiwa tu kukishusha, na mchana angekula samaki wa kupaka. Akakirudisha ndani ya ngumi.

"Mwalimu, sifungui," akasema. "Ulimi wangu umekufa. Hapana, nimekosea. Ulimi wangu umefufuka, ni ule utando ndio uliokufa, na sijui umekufa tangu lini. Siwezi kuwaambia watoto hawa kama maji haya ni mazima."

Mwalimu Shekue aliacha kuegemea ukuta. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi.

"Bibi, ulionja mimi nikiwa darasa la nne hapa hapa. Nikakunywa nyuma yako."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia."

*

Siku ile ile Dakta Tatu wa Kituo alikuja na vijana wake na masanduku ya vipimo. Watoto walirudishwa nyumbani, na gari la tangi likaleta maji yaliyoonjwa shule jirani. Vipimo vya maabara ni vya kweli, lakini ni vya polepole. Majibu hutoka wakati kikombe kimeshanywewa siku nyingi. Kwa hiyo mji ulikaa ukingoja, na Mwanakheri alikaa ndani na milango yake wazi, ili anayetaka kuja kumtukana asihangaike kubisha hodi.

Majibu yakaja. Tangi la nyuma, linalolisha madarasa ya chini, lilikuwa na ufa, na maji ya shimo la choo yalianza kupenya. Kidogo, Dakta Tatu alisema, lakini kidogo kinachokua. Watoto kadhaa wa darasa la tatu walikuwa wameumwa tumbo wiki iliyopita, na wazazi wakawachapa wakidhani ni maembe mabichi. Wote waliitwa, wakapewa dawa. Mmoja alilazwa na kutundikiwa maji ya mshipa, akapona. Alikuwa Bakame, mjukuu wa Riziki.

Riziki alikuja jioni ileile mtoto alipotoka hospitali. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanakheri amjue, alikuja mikono mitupu.

"Nilikwambia unyamaze," alisema, amesimama mlangoni.

"Uliniambia kwa kunipenda."

"Kupenda gani? Daktari amesema siku chache mbele angekuwa maiti. Zile siku chache nilizokuhonga kwa mkate, Mwanakheri. Ningekuziba mdomo na ningemzika Bakame, kisha ningekuja kulia kwako." Akapiga goti palepale kizingitini. Mwanakheri akamuinua, wakalia pamoja kama wajane wawili, mpaka chai ikachemka na kumwagika jikoni.

Hakuna aliyekuja kumtukana. Habari zilipoenea kwamba utando mpya utakuwa tayari wiki ile, watu walianza kuja na vyakula. Safari hii sheria ya adabu ilivunjwa kwa furaha. Waliketi mbele yake wakamtazama anavyotafuna. "Kitamu?" wakamuuliza, mmoja mmoja, kwa woga kidogo, kama watu wanaogusa kitu kilichokatazwa. Naye akawajibu kwa kweli. Boko boko la Bi Kibibi lilikuwa limeiva sawasawa. Wali wa mama Salehe, aliokuwa akiusifu kila Idi, ulikuwa mabonge matupu, na mama Salehe akacheka mpaka akashika mbavu. Mwanakheri alishukuru kila kijiko. Alijua anaaga.

*

Siku ya kulaziwa utando, alioga, akajitia asumini, akaenda Kituoni kwa miguu. Alipofungua mlango wa chumba cha Dakta Tatu akamkuta Riziki amekalia kiti cha mgonjwa, mkoba mapajani, amejifunga kanga mbili kama anayekwenda kupigana.

"Ondoka hapo," Mwanakheri akamwambia.

"Siondoki."

"Riziki, wewe ni mpishi!"

"Nami najua mimi ni mpishi, sikusahau nilipotoka nyumbani."

Dakta Tatu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe. "Amekuwa hapa tangu tumefungua. Nimemweleza yote, Bi Mwanakheri, na wewe nakueleza. Tulidhani utando ni wa maisha. Kumbe unazeeka, unakufa wenyewe, na ladha inarudi. Kwako imerudi. Kwa mwingine sijui. Inawezekana isirudi. Siwezi kumwahidi."

"Umesikia?" Mwanakheri akasema. "Huenda usionje tena. Mimi nimeshazoea. Mimi ndiye niliyejitolea, mtaa ulinitendea wema mwanangu akapona, nalipa."

"Umemaliza?" Riziki aliuliza. "Sasa nisikilize. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote hii tumekuona umebeba, tukasema mzigo wake mwepesi, mbona anatabasamu? Tukakuletea sahani. Mimi mwenyewe, nimekupikia vya kujaza chumba hiki, na hukuonja hata kimoja. Nani alikuwa anafaidi shukrani ile? Sisi. Tulikuwa tunajisikia vizuri. Mtoto wako alipougua hatukukupa pole tukapita. Tulimpokezana mgongoni. Basi na hili lilikuwa la kupokezana tangu mwanzo, na hakuna aliyenyoosha mkono. Leo nimenyoosha. Usiniache nimeunyoosha hewani."

Mwanakheri alikuwa tayari kutoa, kutoa alikujua. Kupokea kulimshinda, kulimwasha kama deni. Kumwachia Riziki kiti kile ni kumtuma rafiki yake mahali asipojua kama atarudi, na kumnyanyua kwa nguvu ni kumrudisha nyumbani na ile aibu ya kizingitini, aishi nayo. Akamtazama. Aliona kwamba Riziki haogopi, au anaogopa na ameamua.

"Utapikaje?" akauliza.

"Utaniambia wewe. Una mdomo mzima, tena mkali. Utakaa jikoni kwangu unikosoe, si ndicho ulichokuwa unakitamani?" Riziki akacheka, kisha akashika mkono wa mwenzake. "Na mama Salehe ameandikisha baada yangu. Wengine wako nje barazani, wanabishana zamu. Nenda ukawaamulie, maana watapigana."

Mwanakheri akageuka kwa Dakta Tatu, kana kwamba yeye angekataa. Daktari alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuna jambo nililinyamazia tangu nilipohamia hapa," alisema. "Ilikuwa rahisi kujua kama utando uko hai. Mwonjaji apewe sukari kidogo kila asubuhi. Akisikia utamu, bomba lisifunguliwe. Nilipolitaja siku ya kwanza, niliambiwa hapa hayo ni matusi, mwonjaji haulizwi utamu. Nikaona adabu nzuri, nikaiheshimu. Nilikosea."

"Tumekosea wote," Mwanakheri akasema. Kisha akainama, akambusu Riziki kwenye paji la uso, akatoka barazani kuamua zamu.

*

Tangi la nyuma lilibomolewa, likajengwa jipya. Asubuhi shule ilipofunguliwa, wazazi walikuja wengi kuliko wanafunzi, na Mwalimu Shekue hakupata ukuta wa kuegemea. Riziki alisimama mbele ya bomba, amevaa gauni la Idi. Alikuwa amenyamaza tangu alfajiri, jambo ambalo halikupata kutokea.

Bakame, aliyekonda lakini macho yamechangamka, ndiye aliyepewa heshima ya sukari. Alipanda juu ya tofali, akamtilia bibi yake kijiko mdomoni.

"Bibi," akauliza kwa sauti aliyofundishwa, "ni tamu?"

Riziki akaizungusha sukari kwa ulimi. Mwanakheri aliyekuwa pembeni yake alimwona anaitafuta, pembe zote za mdomo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na anajua haumo. Kisha mabega yake yakatulia.

"Mchanga mtupu, mjukuu wangu," akasema. "Alhamdulillahi."

Akanywa maji. Akafumba macho, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko walivyozoea, maana alikuwa mgeni wa kazi na hakutaka kukosea. Kisha akaweka kidole kwenye kibao. Mabomba yakakoroma, yakatema hewa, na maji yakaja.

Watoto walikimbilia foleni. Mwanakheri naye akajipanga nyuma yao, kwa kuwa hakuwa na pahala pengine pa kusimama sasa. Ilipofika zamu yake Riziki alimjazia kikombe mwenyewe, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

Kwa miaka mingi Mwanakheri hakuwa amekunywa maji yaliyokwisha kuonjwa na mtu mwingine. Aliyatazama. Hakuwa na njia yoyote ya kujua yana nini ndani yake, ila macho ya yule aliyempa.

"Asante, Riziki," akasema, akanywa mpaka mwisho.